Shahada Mbili za Brown na RISD: Tathmini kwa Anayetaka Sayansi na Sanaa kwa Pamoja

Tuanze na hukumu, sababu zifuate. Programu ya shahada mbili inayoendeshwa kwa ubia na Chuo Kikuu cha Brown na Rhode Island School of Design, kwa kifupi RISD, mjini Providence nchini Marekani, ndiyo njia iliyokamilika kuliko zote tunazozifahamu za kusoma sayansi na sanaa kwa pamoja katika shahada ya kwanza. Ni miaka mitano, na mwisho wake unatoka na vyeti viwili: AB (Bachelor of Arts) ya Brown na BFA (Bachelor of Fine Arts) ya RISD. Lakini inamfaa mtu wa aina moja, yule ambaye tayari anatengeneza vitu kwa mikono yake na ambaye maswali yake ya kisayansi yanaihitaji mikono hiyo. Anayependa fizikia na akapenda pia kuchora siku za mapumziko hana sababu ya kulipia mwaka wa tano. Kwake zipo njia nyepesi zaidi, na tutazifikia.

Vyuo hivi viwili vinapakana. Brown kilianzishwa 1764, RISD 1877, na vyote viko College Hill: Brown juu ya kilima, RISD kwenye mteremko unaoshukia mtoni. Programu ya pamoja ilipokea wanafunzi wake wa kwanza 2008. Kundi la kila mwaka ni dogo, watu ishirini hivi. Hilo lina raha yake, kwa kuwa wote mnafahamiana, na lina uchungu wake kwa waombaji, kwa kuwa nafasi ni chache mno kulinganisha na wanaozitaka.

Mwaka wa kwanza ni wa mikono

Mwaka wa kwanza unasomwa RISD na unalala hosteli za RISD. Hapo hakuna anayejali kwamba ulipata A ya hisabati. Kila mwanafunzi mpya hupitia masomo ya msingi matatu: kuchora, ubunifu wa sura bapa, na ubunifu wa vitu vyenye kimo na kina. Kila studio inakula siku nzima ya wiki, na kazi unayopewa kwenda nayo inakula siku nyingine, pengine zaidi. Mwanafunzi aliyezoea vipindi vya dakika arobaini hushangazwa na urefu huu. Wiki za kwanza hufanya kosa lile lile: anamaliza kazi saa mbili za mwanzo kisha anakaa kuisubiri jioni. Studio imepangwa siku nzima kwa sababu kitu cha kwanza unachokichora ni kile unachodhani unakiona. Saa ya tatu, ukiwa umekwisha kupima kwa penseli mkono umenyooka, ndipo unapogundua kwamba mdomo wa kikombe uliouchora duara ni duaradufu, na kwamba kitako chake kimepinda zaidi kuliko mdomo kwa sababu kiko chini zaidi ya usawa wa jicho lako.

Kuna pia uhakiki wa hadharani. Unabandika kazi ukutani, na darasa zima pamoja na mwalimu wanaizungumzia mbele yako. Wanaotoka shule zetu, ambako mwalimu hutia alama na kurudisha karatasi, huona kama wanashambuliwa. Dawa yake ni moja: nenda na daftari, andika kila linalosemwa bila kujitetea, kisha siku ya pili chagua mambo mawili ya kurekebisha. Mwanafunzi anayetumia dakika zake kumi kujitetea anaondoka na dakika kumi za maneno yake mwenyewe.

Kwa mtu wa sayansi, hazina ya RISD ni Nature Lab, maabara ya viumbe iliyoanzishwa 1937 na mwalimu Edna Lawrence. Ina makumi ya maelfu ya vielelezo: mafuvu, makombe, wadudu, mbegu, mawe, ndege waliokaushwa, pamoja na hadubini za kisasa. Vingi vinashikwa, vinachorwa, na baadhi vinaazimwa. Chukua mfupa wa bawa la ndege uliokatwa kwa urefu. Kwa macho ni mrija mtupu. Weka chini ya hadubini na unaona vijiti vyembamba vya mfupa vinavyokatiza ndani, vimekaa kwa mshazari, vingi zaidi karibu na kiungo ambako nguvu inaingia. Anayeuchora kwa saa mbili hulazimika kuamua kila kijiti kinaanzia wapi na kuishia wapi, na akishaamua hivyo amekwisha kuuliza swali la mekanika: kwa nini hapa na si pale? Mwaka unaofuata, akikaa kwenye darasa la nguvu na mikazo huko Brown, tayari ana picha kichwani ya kile ambacho mlinganyo unakieleza.

Brown: uhuru wenye mtego

Mwaka wa pili unahamia Brown. Mtaala wake huru uliopitishwa 1969 hauna orodha ndefu ya masomo ya lazima kwa wote. Unahitaji kozi 30 kuhitimu kwa kawaida, nne kwa muhula, ukitimiza masharti ya fani uliyochagua na ya uandishi. Alama ni A, B au C. Ukishindwa, kozi hiyo haionekani kwenye nakala ya matokeo inayopelekwa nje. Pia unaweza kuomba kozi ihesabiwe kwa kufaulu tu, bila herufi.

Kwa aliyetoka kwenye mfumo ambao mtihani mmoja wa taifa humfuata mtu maisha yake yote, hii ni pumzi kubwa. Ndiyo maana tunaitaja kuwa sababu ya msingi ya programu hii kufanikiwa: mwanafunzi wa sanaa ya kioo anaweza kujaribu kozi ya mekanika ya kwantamu bila kuuza maisha yake ya baadaye. Mtego wake ni kwamba wanafunzi waliochoshwa na studio huweka kozi ngumu za kemia na hisabati kwenye mfumo wa kufaulu tu, kisha mwaka wa tano wanaomba shahada ya uzamili na kukuta idara zinataka herufi. Kanuni yetu ni hii: kozi yoyote iliyo ngazi ya kwenda kozi nyingine ya sayansi ichukue kwa herufi. Ulegevu uweke kwenye kozi za pembeni.

Miaka mitatu iliyobaki unachanganya. Ni hapa programu inapoonyesha thamani yake, au inapogeuka kuwa shahada mbili zinazokimbizana bila kukutana. Hakuna ofisi itakayokuunganishia. Usipochagua fani ambazo zinagusana kwa kazi, utakuwa mwanafunzi wa vyuo viwili aliyechoka, basi.

Mchanganyiko unaogusana vizuri ni kemia na kauri. Glezi, ule ute wa unga unaopakwa juu ya chombo na kugeuka kioo ndani ya tanuri, ni kemia tupu: silika inayotengeneza kioo, alumina inayokizuia kisichuruzike, na viyeyushi kama sodiamu, potasiamu na kalsiamu vinavyoshusha kiwango cha kuyeyuka. Mafundi wa kauri huandika glezi kwa uwiano wa moli, hesabu zile zile za kidato cha tano. Sasa tuseme chombo kimetoka tanurini kizuri, na baada ya siku mbili kimejaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Sababu ni kwamba glezi imesinyaa zaidi ya udongo wakati wa kupoa, hivyo imebaki imevutwa pande zote mpaka ikapasuka. Sodiamu na potasiamu ndizo zenye kupanuka na kusinyaa kwingi. Silika ina kidogo. Tiba ni kuongeza silika hatua kwa hatua: tengeneza vigae vitano vya majaribio, asilimia 0, 5, 10, 15 na 20 ya nyongeza, vyote vya udongo ule ule, vyote kwenye rafu moja ya tanuri na kwa joto lile lile. Andika namba nyuma ya kila kigae kwa rangi ya oksidi ya chuma kabla ya kuchoma, maana wino wa kalamu huungua. Kigae cha kwanza kisichopasuka ndicho jibu, ila ukizidisha silika glezi inakuwa ngumu kuyeyuka na uso unabaki mkavu. Hilo ni jaribio halali la kisayansi, na matokeo yake unayanywea chai.

Hisabati na nguo ni ndugu pia. Mchoro wa mfumaji unaoonyesha nyuzi zipi zinainuka na zipi zinabaki chini ni jedwali la moja na sifuri, na mtu anayejua matriksi hulisoma haraka kuliko yeyote. Sayansi ya kompyuta na ubunifu wa bidhaa huenda vizuri, ingawa ndiko kulikojaa watu. Baiolojia na ilustresheni ni njia ya zamani ya wachoraji wa vitabu vya tiba na mimea, bado ina kazi. Usanifu majengo tungeuacha: RISD shahada hiyo peke yake inajaza miaka mitano.

Kinachoharibika, na kwa nini

Shida kubwa ni ratiba. Madarasa mengi ya Brown huketi dakika 50 mara tatu kwa wiki, au dakika 80 mara mbili, na maabara za sayansi hula mchana mzima. Studio ya RISD inataka saa nyingi mfululizo. Studio ya Jumatano inaua kozi zote za Brown za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, hata kama Jumatatu na Ijumaa uko huru, kwa sababu huwezi kukosa theluthi ya vipindi. Kwa hiyo panga kinyume na wanavyofanya wengi: chagua kwanza studio na siku yake, kisha maabara, halafu mihadhara ijaze nafasi zilizobaki. Anayeanza na mihadhara aliyoipenda hufika Agosti akiwa na ratiba isiyowezekana.

Kalenda nazo hazilingani. RISD ina muhula mfupi wa baridi unaoanza Januari na kuingia Februari, ambapo mwanafunzi huzama kwenye somo moja au mawili. Brown inafungua muhula wake wa pili Januari hiyo hiyo, kabla muhula mfupi wa RISD haujaisha. Ukijiandikisha kote kote, kuna wiki ambazo unatakiwa uwe sehemu mbili. Muhula huo wa baridi utumie mwaka ambao kipindi kinachofuata uko RISD tu.

Kisha kuna ngazi za sayansi. Kemia ya Brown huanza na kozi ya msingi ya msawazo na kasi za mmenyuko, kisha kemia ya kaboni ya kwanza, kisha ya pili. Mwanafunzi wa kawaida huanza kupanda mwaka wa kwanza. Wewe unaanza mwaka wa pili, na ukikosa kipandio kimoja kwa ajili ya studio unaweza kusubiri mwaka mzima mpaka kirudi kwenye ratiba. Mwaka mmoja bila hisabati pia hufuta mengi kichwani. Tunawashauri wanaokwenda RISD mwaka wa kwanza wafanye maswali machache ya utofautishaji na uunganishaji (differentiation na integration) kila wiki, bila darasa na bila mwalimu. Nusu saa ya Jumapili inatosha. Asiyefanya hivyo hulipia wiki nyingi za mwaka wa pili akijifunza upya alichokwisha kukijua kidato cha sita.

Jambo la cheti lisomwe kwa makini na wazazi. Shahada ya Brown katika programu hii ni AB. Brown inatoa pia ScB (Bachelor of Science), ambayo ni nzito zaidi: AB nyingi za sayansi zinataka kozi kumi na kidogo za fani, ilhali ScB inaweza kukaribia ishirini. AB ya fizikia au kemia ni shahada kamili na inakubalika kwa masomo ya juu ukijazia kozi za ziada. Uhandisi ni habari nyingine. AB ya uhandisi haina ithibati ya ABET, shirika la Marekani linalothibitisha programu za uhandisi. ScB ndiyo inayo. Anayekusudia kurudi na kusajiliwa kama mhandisi na ERB ya Tanzania au EBK ya Kenya asiingie njia hii akidhani cheti kitamvusha. Na anayetaka udaktari akumbuke kwamba Marekani tiba husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa hiyo mitano hii ni ya utangulizi tu.

Tuongeze dogo ambalo vipeperushi havisemi: kile kilima. Kubeba ubao wa mita moja na nusu kupanda College Hill mwezi wa Januari, kuna barafu na upepo, ni kazi ya mwili. Kazi kubwa zitengeneze vipande vinavyofunguka, na omba kabati kwenye jengo la studio mapema kabla hazijaisha.

Njia nyingine tunazoziheshimu

Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, ina familia ya shahada inayoitwa BXA. Ile ya sayansi na sanaa, BSA, inakupa cheti kimoja kwa miaka minne: nusu ya uzito iko chuo cha sayansi, nusu chuo cha sanaa ambako unachagua kuchora na kuchonga, muziki, maigizo au usanifu majengo, na mwaka wa mwisho unafanya mradi unaolazimika kutumia pande zote mbili. Hicho ndicho kitu ambacho tungependa Brown na RISD wakiige kwa nguvu zaidi: kumlazimisha mwanafunzi aunganishe. Kampasi ni moja, na kwenye jengo la Doherty Hall studio za sanaa na uhandisi wa kemikali viko chini ya paa moja. Kasoro yake kwa watu wetu ni fedha: chuo hakitoi msaada wa ada kwa wanafunzi wa kigeni wa shahada ya kwanza. Kwa mwenye mdhamini, tungeipendelea kuliko Brown na RISD pale ambapo mtu anajua tayari anataka muziki na fizikia, kwa sababu RISD haina muziki.

UCL ya London ilianzisha BASc, Arts and Sciences, mwaka 2012. Hapa hakuna jalada la kazi, yaani mkusanyiko wa kazi zako za sanaa, la kuwasilisha. Unachagua mkondo mkuu na mkondo mdogo. Mkuu ukiwa wa sayansi, mdogo lazima uwe wa utamaduni au jamii, na kinyume chake. Sehemu kubwa iliyobaki ni masomo ya pamoja kuhusu namna elimu mbalimbali zinavyojenga hoja, mbinu za kutumia takwimu, na utafiti unaovuka fani. Ni shahada ya miaka mitatu, au minne ukienda mwaka mmoja nje. Tunaipenda kwa akili yake, lakini msomaji asichanganye: sanaa ya jina lile ni taaluma za sanaa na jamii, si studio. Shule ya Slade, iliyoanzishwa 1871, iko UCL hiyo hiyo, ila BASc haikufanyi mwanafunzi wa Slade. Mwenye KCSE hukuta kwamba haimpeleki moja kwa moja. Anahitaji mwaka wa maandalizi kwanza, na gharama yake aihesabu tangu mwanzo.

Tufts, karibu na Boston, ina shahada ya pamoja ya miaka mitano na shule ya sanaa ya SMFA, ambayo imekuwa sehemu ya Tufts tangu 2016. Uzuri ni kwamba mwenye ofisi ni mmoja. Ubaya ni kwamba kampasi ya sanaa iko upande mwingine wa mji, hivyo unaishi kwenye basi la chuo.

Ipo pia njia ambayo wengi wanaisahau. Mwanafunzi wa kawaida wa Brown anaweza kuchukua kozi kadhaa RISD bila kulipa ada nyingine, na wa RISD vilevile Brown, kwa kikomo. Kwa wengi wanaotuuliza, jibu la kweli ni hili: omba Brown peke yake, soma baiolojia yako miaka minne, na chukua studio moja ya kuchora au kuchapa kila mwaka. Utapata sehemu kubwa ya faida bila mwaka wa tano.

Nyumbani Afrika Mashariki, aliye karibu zaidi na wazo hili ni Makerere, ambako shule ya sanaa inayoitwa kwa jina la Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa pale miaka ya 1930, iko ndani ya chuo cha uhandisi, ubunifu, sanaa na teknolojia, CEDAT. Kuwa chini ya dari moja na wahandisi si sawa na kusoma nao, lakini mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuomba kuingia karakana zao, na hilo kwingine kwetu halipo kabisa.

Kuomba, hatua kwa hatua

Kazi ianze miezi kumi na minane kabla. Unaomba Brown na RISD, kila kimoja kivyake kupitia Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vya Marekani, ukionyesha kote kwamba unataka shahada mbili, na unaandika insha ya ziada ya programu. Lazima Brown ikukubali, RISD ikukubali, kisha kamati ya pamoja nayo ikukubali. Unaweza kupata chuo kimoja ukakosa programu, kwa hiyo usiombe chuo ambacho hutakwenda kikija peke yake.

Brown imerudisha sharti la SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani, kwa walioomba kuanza masomo 2025 na kuendelea. SAT nje ya Marekani inafanywa kwa kompyuta tangu 2023, na vituo vya Dar es Salaam na Nairobi hujaa. Jiandikishe pale tu dirisha linapofunguliwa. RISD hutaka alama za TOEFL, IELTS au Duolingo kwa ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza; usidhani kwamba kusoma sekondari kwa Kiingereza kunakuondolea sharti hilo. Muda wa kawaida wa kutuma unafungwa mwanzoni mwa Januari, kipindi ambacho shule zetu nyingi zimefungwa na mkuu wa shule hapatikani. Barua za walimu na matokeo yapakiwe Novemba.

Jalada la kazi ni picha 12 hadi 20. Hapa ndipo wanafunzi wa michepuo ya sayansi, PCB na PCM, huangukia, kwa kuwa hawakuwahi kuwa na mwalimu wa sanaa. Usijaze michoro ya nyuso za watu mashuhuri iliyonakiliwa kutoka kwenye simu; wasomaji wa RISD huitambua mara moja, kwa sababu kivuli kinakuwa bapa na macho yote yanatazama kamera. Chora vilivyo mbele yako: jiko la mkaa, baiskeli iliyoegeshwa, mkono wako wa kushoto, nyanya zilizopangwa mafungu. Weka kurasa tatu au nne za daftari la majaribio, hata zenye makosa, maana wanataka kuona unavyofikiri. Kama umeunda kitu, mtego wa panya, antena, gari la waya, kiingize. Kwa programu hii ndicho kinachokutofautisha.

Piga picha saa nne asubuhi kivulini, bila mwanga wa simu, karatasi ikiwa imebandikwa ukutani na kamera ikiwa sawasawa na katikati yake. Simu huona karatasi nyeupe na kuifanya ya kijivu. Mtu akiongeza mwangaza baadaye, mistari hafifu ya penseli inafutika. Gusa skrini juu ya karatasi, pandisha mwangaza kidogo kabla ya kupiga, na kagua kwenye kompyuta kama mistari myepesi ingalipo.

Insha ijibu swali moja: kitu gani utafanya ambacho chuo kimoja hakikuwezeshi? Andika tatizo halisi, kwa jina lake. "Napenda sayansi na sanaa tangu utotoni" imeandikwa na kila mwombaji. "Nataka kujua kwa nini vyungu vya kupikia vya kijiji chetu havipasuki motoni na vya kiwandani vinapasuka" haijaandikwa na mwingine.

Fedha

Kuanzia walioingia 2025, Brown haiangalii uwezo wa kulipa inapomchagua mwanafunzi wa kigeni, na inaahidi kufidia mahitaji yote yaliyothibitishwa. RISD haina ahadi kama hiyo kwa wageni. Programu ni ya vyuo viwili vyenye ofisi mbili za fedha, hivyo ahadi ya kimoja usiichukulie kuwa ya kingine. Fomu ya kuomba msaada wa fedha, CSS Profile, ijazwe mapema, na vielelezo vya kipato cha familia, hata cha duka au shamba lisilo na vitabu vya hesabu, viandikwe kwa barua yenye kueleza mauzo ya mwezi na gharama zake.

Kuna faida ya viza ambayo wengi hawaihesabu. Mhitimu wa viza ya mwanafunzi, F-1, hupata miezi 12 ya kufanya kazi, na aliyehitimu fani ya sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati anaweza kuomba 24 zaidi. AB ya Brown katika fizikia, kemia au baiolojia inakupa nafasi hiyo. BFA ya uchoraji peke yake haikupi.

Ukikubaliwa, una mpaka Mei 1 kujibu. Kabla ya siku hiyo waandikie barua pepe ofisi zote mbili za fedha, barua moja yenye anwani zote mbili, uulize: msaada wangu unakokotolewa na nani kwa muhula niliojiandikisha RISD, na nani kwa wa Brown? Mwaka wa tano umo kwenye ahadi? Nikichukua kozi kote kote kwa muhula mmoja, ankara inatoka wapi? Vifaa vya studio, yaani karatasi, udongo, mbao na kioo, ambavyo gharama yake hupanda haraka, vimehesabiwa kwenye gharama za mwaka? Na nikiacha shahada moja mwaka wa tatu, msaada wa inayobaki unabadilikaje? Majibu ya simu usiyategemee. Yatake kwa maandishi, yahifadhi pamoja na barua ya kukubaliwa, na mzazi au mlezi ayasome kabla ya kulipa amana.